Chanjo ya Mabinti Wetu: Tushawishiwe au Tulazimishwe?



Mwezi Aprili 2024, wiki mbili kabla ya kampeni ya chanjo ya HPV kuanza nchini kote, tulialikwa katika parokia moja hapa Tunduma kuzungumza na wazazi baada ya Misa ya pili. Tulidhani tutasema nusu saa na kurudi wodini. Tulitoka pale saa tisa alasiri, chai ya WAWATA ikiwa imekwisha na koo limekauka.

Kilichotuchelewesha ni watu wawili. Wa kwanza ni mzee mmoja, baba wa mabinti wanne, mkulima wa kahawa aliyehamia mjini kutoka upande wa Mbozi. Alisimama taratibu, akavua kofia, akasema: "Sista, mimi sina ugomvi na sindano. Watoto wangu wote walichanjwa surua, walichanjwa pepopunda, kadi zao ziko nyumbani. Lakini hii mnayoileta ni ya ugonjwa unaopatikana kwa zinaa. Binti yangu ana miaka kumi. Mnamchanja zinaa ipi?" Ukumbi ulipiga makofi.

Kabla hatujafungua kinywa, mama mmoja wa mstari wa nyuma alisimama naye. "Baba, uniwie radhi," akasema. "Dada yangu nilimzika mwaka juzi kwa ugonjwa huo huo. Alikuwa na mume mmoja tangu aliposimama altareni. Ingekuwa amri yangu, chanjo hii ningeifanya sheria, na asiyechanjwa asipokelewe kidato cha kwanza." Naye akapigiwa makofi, na tuliokaa mbele tuliona kwamba waliopiga ni wengi wao wale wale.

Tangu siku ile swali hilo hatujaachana nalo. Serikali yetu hutoa chanjo hii bure, na hutolewa zaidi shuleni, lakini haikuifanya sharti la kusoma. Je, ifanye hivyo? Tumeona tuliandike hapa kwa wale ambao hawakuwapo, pamoja na yale tuliyoyaona wenyewe, hata yale ambayo hayatupendezi kuyasimulia.

UGONJWA WENYEWE

Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi viitwavyo HPV, yaani virusi vya papiloma. Viko vya aina nyingi. Vingine huleta vinundu vya sehemu za siri tu, lakini aina mbili, ile ya 16 na ile ya 18, ndizo zinazoleta kama asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Huambukizwa kwa kujamiiana, na hata kwa kugusana ngozi ya sehemu za siri, ndiyo maana kondomu hupunguza hatari lakini haiiondoi. Watu wengi walioanza kujamiiana huvipata wakati mmoja au mwingine maishani, na wengi mwili wao huvifukuza bila wao kujua. Kwa wachache havitoki. Hukaa kimya miaka kumi, kumi na mitano, hata ishirini, vikiharibu chembe za mlango wa kizazi kidogo kidogo.

Jambo la kwamba ugonjwa huu una uhusiano na tendo la ndoa si jipya, na historia yake inatuhusu sisi Wakatoliki kwa namna ya pekee. Mwaka 1842 daktari Mwitaliano, Domenico Rigoni-Stern, alichapisha uchunguzi wake wa vitabu vya vifo vya mji wa Verona tangu mwaka 1760 hadi 1839. Aliona kwamba saratani ya kizazi ilikuwa ikiwaua wanawake walioolewa na wajane, lakini kwa watawa ilikuwa nadra. Hakujua sababu. Ilipita zaidi ya karne moja kabla Mjerumani Harald zur Hausen hajaonyesha kwamba virusi hivi ndivyo chanzo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Angalieni vizuri, wapendwa, Rigoni-Stern alisema nini. Hakusema makahaba. Alisema walioolewa. Hapo ndipo mzee wetu wa kahawa na wengine wengi wanapojikwaa. Wanasikia "ugonjwa wa zinaa" na wanafikiri ni ugonjwa wa wazinzi. Binti aliyejitunza hadi siku ya harusi huvipata virusi hivi kwa mume wake, na mume wake naye alivipata miaka mingi kabla hajamfahamu, na hajui kuwa anavyo, kwa sababu mwanamume kwa kawaida haoni dalili yoyote. Kwa mji kama wetu, wenye foleni ya malori tangu mpakani hadi nje ya mji, wenye waume wanaosafiri wiki tatu kwa mwezi kwenda Lubumbashi na kurudi, sioni haja ya kueleza zaidi.

Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 hapa Tanzania waliugua saratani hii kwa mwaka huo mmoja, na zaidi ya 6,500 walikufa. Ni saratani inayoongoza kwa kuua wanawake nchini. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yuko katika hatari mara sita kuliko mwingine, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunajua UKIMWI ulivyotukaa.

TUNAYOYAONA WODINI

Mwaka 2016 tulimpokea mama mmoja aliyekuwa akipika chakula cha madereva. Alikuwa na miaka arobaini na ushei. Alikuwa ametokwa damu kwa miezi saba, kwanza baada ya tendo la ndoa, halafu wakati wowote. Alikuwa ametumia dawa za kienyeji, akaombewa, akanunua vidonge vya uchafu dukani mara tatu. Alipofika kwetu, mhudumu aliyempokea mlangoni alifungua dirisha kwa sababu ya harufu, na mama yule akaona, akalia. Hilo hatulisahau.

Tulimpima. Ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye mlango wa kizazi na kushika kibofu. Rufaa ni Mbeya, kilomita kama 100, na kutoka Mbeya, kwa ajili ya mionzi, ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Jumuiya yake ndogo ndogo ilimchangia nauli. Alikwenda, akapata mionzi, akarudi na nafuu ya miezi michache. Alikufa nyumbani kwake kwa figo kushindwa kufanya kazi, maana saratani hii huziba mirija ya mkojo. Alikuwa mwalimu wa watoto wa Komunyo ya Kwanza. Watoto walimwimbia.

Tunamtaja si kwa ajili ya kuwatisha. Tunamtaja kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa wa kuzuilika mara mbili: kwanza kwa chanjo, ambayo utotoni mwake haikuwapo, na pili kwa kipimo cha siki, ambacho kilikuwapo na hakuna aliyemwambia. Sisi wenyewe tulikuwa tukimwona kila Jumapili.

CHANJO HII NI NINI?

Nchi yetu ilianza kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014. Mwezi Aprili 2018 ikazinduliwa kitaifa kwa wasichana wa miaka 14, sindano mbili kwa kuachana miezi sita. Umri huo mmoja ulichaguliwa kwa kuwa chanjo ilikuwa haba duniani. Aprili 2024 utaratibu ulibadilika: wasichana wa miaka 9 hadi 14, sindano moja tu.

Wazazi wengine waliona mabadiliko hayo wakashuku kwamba serikali inapunguza gharama. Sababu ni nyingine, na sehemu yake imetoka hapa hapa kwetu. Mjini Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki katika uchunguzi wa kulinganisha sindano moja, mbili na tatu, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba sindano moja huamsha kinga na kinga hiyo hudumu. Kenya nako, wasichana na wanawake vijana wa miaka 15 hadi 20 walichunguzwa, na sindano moja ikawakinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina zile za hatari kwa muda wa miezi 18 ya kwanza. Mwaka huo huo wa 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja. Wale wanaoishi na VVU bado hushauriwa kupata zaidi ya moja, kwa hiyo mzazi mwenye binti wa namna hiyo aseme kwa muuguzi, kwa siri, wala asione haya.

Je, inazuia saratani kweli, au virusi tu? Jibu lilichukua miaka kwa sababu saratani yenyewe huchukua miaka. Sasa limepatikana. Uingereza, wasichana waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13 walipungukiwa na saratani hii kwa asilimia 87, kwa mujibu wa uchunguzi wa mwaka 2021. Scotland, mwaka 2024, watafiti walisema kwamba kati ya wanawake waliochanjwa kwa ukamilifu wakiwa na umri huo hawakuona hata mmoja aliyepata saratani iliyoenea. Hata mmoja. Kwa sisi tuliozoea kuandika rufaa za Ocean Road, neno hilo tulilisoma mara mbili.

Chanjo haitibu aliyekwisha ambukizwa. Ndiyo maana hutolewa mapema, tena kinga ya mtoto wa miaka kumi huitikia vizuri kuliko ya mtu mzima. Madhara yake ya kawaida ni maumivu ya mkono, homa kidogo, na kuzirai, jambo linalowapata sana wasichana wa umri huo wakipangwa foleni na kuona sindano. Kwa hiyo huketishwa dakika kumi na tano. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, nasi huwa na dawa yake mezani.

Kuhusu uvumi wa kuzuia uzazi, tumeusikia kwa wanawake, kwa wanaume, na mara moja kwa katekista. Hauna msingi. Lakini hauanzi hewani. Mwaka 2014 maaskofu wa Kenya walitilia shaka hadharani chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha, na mabishano yale yakavuka mpaka kwa redio na kwa simu. Kenya ilipozindua chanjo ya HPV mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka kumi, chama cha madaktari Wakatoliki wa huko kiliipinga. Mzazi Mkatoliki wa Tunduma akisema "mbona Kenya madaktari wetu walikataa?" hana kosa kuuliza. Sisi tunamjibu kwamba wanawake walichanjwa Australia tangu mwaka 2007 na Rwanda tangu 2011, wameolewa na wanazaa. Na kwa wale wanaouliza kama ndani yake mna chembe za mimba zilizotolewa, chanjo hizi hazikuzwi katika chembe hizo. Mojawapo hutengenezwa kwa hamira, nyingine kwa chembe za wadudu, nyingine kwa bakteria.

"MNAMCHANJA ZINAA IPI?"

Mzee yule tulimjibu kwa swali. Tulimwuliza kama watoto wake walipata sindano ya pajani wakiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne. Akasema ndiyo, wote. Tukamwambia: baba, ndani ya sindano ile tangu mwaka 2002 mna chanjo ya homa ya ini aina ya B, na homa ya ini B huambukizwa kwa damu, kwa mama kumzaa mtoto, na kwa kujamiiana. Mtoto wa wiki sita alichanjwa ugonjwa wa zinaa, na hakuna mzazi aliyesema tunamfundisha uasherati. Alicheka. Akasema, "Hiyo hamkutuambia." Kweli, hatukuwaambia. Kwa miaka mingi sisi wauguzi tulizoea kuchoma kwanza na kueleza kesho.

Uchunguzi uliofanyika Marekani na Kanada haukuona kwamba wasichana waliochanjwa huanza mambo hayo mapema au zaidi kuliko wenzao. Sisi tungeongeza la kwetu: binti wa miaka kumi hajui HPV ni nini. Anajua sindano inauma. Mafundisho ya usafi wa moyo anayapata kwenu nyumbani au hayapati, na sindano haijazi nafasi hiyo wala haiiondoi. Tena wako mabinti ambao hawakuchagua. Waliobakwa tunawapokea sisi, usiku, na umri wao tukiuandika kwenye fomu ya polisi mkono hutetemeka.

Huko Calgary, Kanada, shule za Kikatoliki zilikataa chanjo hii isitolewe ndani ya majengo yao mwaka 2008, baada ya barua ya askofu. Mwaka 2012 bodi ya shule hizo ilibadili uamuzi. Tunalitaja ili mzee wetu ajue kwamba hakuwa peke yake katika wasiwasi wake, na kwamba wengine waliupitia wakatoka upande wa pili.

SASA, SHERIA?

Kwa swali la yule mama, tukiri kwamba tumebadilika mawazo zaidi ya mara moja.

Watu wa Tunduma wanaijua chanjo ya lazima kuliko Watanzania wengi. Dereva wa lori anaijua kadi ya njano: ziko nchi ambazo bila kuonyesha kuwa umechanjwa homa ya manjano huingii. Wazee wanaukumbuka ndui na kovu lake la mkononi. Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa kijana wa Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ugonjwa ukatangazwa kuwa umekwisha duniani. Amri ilisaidia. Hatuwezi kusema amri ni mbaya daima.

Lakini ndui ilikuwa ikikaa na wewe kwenye basi. Surua humpata aliyeketi dawati la jirani. HPV haipatikani darasani. Hapo ndipo hoja ya "asiyechanjwa asisome" inapopungua nguvu, na huko Marekani ndipo mabishano yalipowaka. Februari 2007 gavana wa Texas, Rick Perry, alitoa amri kwamba wasichana wanaoingia darasa la sita wachanjwe. Wazazi wakaja juu, na bunge la jimbo likaifuta amri hiyo mwaka huo huo. Virginia ilipitisha sheria mwaka 2007, lakini ikamwachia mzazi ruhusa pana ya kukataa. Chama cha madaktari Wakatoliki cha Marekani kiliikubali chanjo na kikakataa ulazima wake, jambo ambalo watu wengi hudhani haliwezekani kwa pamoja.

Kanisa nalo limesema. Tarehe 21 Desemba 2020, wakati wa Korona, Idara ya Mafundisho ya Imani huko Vatikano ilitoa waraka mfupi. Ulisema kwamba kwa kawaida kuchanjwa si wajibu wa kimaadili kwa kila mtu, na kwa hiyo kuwe kwa hiari. Lakini waraka ule ule ulisema mtu asifikirie afya yake tu bali na manufaa ya wote, na kwamba anayekataa kwa dhamiri hana budi kufanya bidii asiwaambukize wengine. Wengi walisoma nusu ya kwanza wakaufunga.

Mwenzetu wa wodi ya akina mama, mtawa aliyefanya kazi hii miaka mingi kuliko sisi, hakubaliani nasi hata kidogo. Husema: "Hiari ya nani? Ya binti au ya baba yake? Baba anakataa, binti anakufa akiwa na miaka arobaini, baba keshatangulia. Nani atamwuliza?" Tumekunywa chai nyingi juu ya swali hilo na hatujalimaliza. Ana haki kwa kiasi kikubwa.

Linalotuzuia kuungana naye ni mambo mawili. Moja ni la kuona kwa macho. Mwaka 2018 tulikwenda na timu ya chanjo katika shule moja, ambayo hatutaitaja. Wazazi hawakuwa wameitwa. Barua ilikuwa imeandikwa, ikabaki mezani ofisini. Mwalimu aliwapanga wasichana wa miaka 14 kwenye jua akawaambia ni amri ya serikali, na fimbo alikuwa nayo mkononi. Sisi tulikuwa na masanduku ya baridi na orodha ya kujaza, tukanyamaza. Wa tatu alipochomwa akazirai. Wa saba akazirai. Wengine wakapiga kelele, na nusu ya foleni ikakimbilia kwenye mahindi. Jioni ile ilisemwa mjini kwamba wasichana wawili wamekufa. Hakuna aliyekufa, saa kumi walikuwa wanacheza. Lakini miezi sita baadaye, tuliporudi na sindano ya pili, wasichana wengi wa orodha ile hawakufika shuleni siku hiyo. Mambo kama hayo yalitokea Colombia mwaka 2014, katika mji wa Carmen de Bolívar, mamia ya wasichana wakaanguka, na uchanjaji wa nchi nzima ukaporomoka. Kosa la siku ile lilikuwa letu pamoja na la mwalimu. Fimbo ilifanya kazi ya asubuhi moja.

La pili ni hili. Sharti la shule humshika aliye shuleni. Yule tunayemwogopea zaidi yuko stendi anauza maji na mayai. Yuko Nakonde upande wa pili, anabeba mizigo. Yuko ndani ya nyumba ya mtu kama msaidizi wa kazi, ana miaka kumi na mitatu, na hakuna anayejua hata jina la kijiji chake. Sheria haimpati. Tena ikimpata binti ambaye baba yake amegoma, itamfanya nini? Itamfukuza shule. Atakosa chanjo na atakosa na masomo, naye ndiye asiyekuwa na kosa. Nusu ya mwaka haitapita kabla hajapelekwa kuolewa.

Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuanza kitaifa, mwaka 2011, kwa wasichana wa darasa la sita, na zaidi ya asilimia 90 walimaliza dozi zote tatu za wakati ule. Walitumia viongozi wa vijiji, walimu, makanisa, na wahudumu wa afya waliokwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta wasiosoma. Kazi ile ilikuwa ngumu kuliko kuandika sheria. Tungependa kuona tukiijaribu kwanza, kwa dhati, na wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo wakiwa na daftari la mabinti wa mtaa wao, kabla hatujataka amri kutoka Dodoma. Na kama baada ya kuijaribu kweli bado tunazika, tutakwenda kwa yule mtawa kumwomba radhi.

Wanaume watuvumilie neno moja: virusi hivi mnavibeba ninyi na mnaosikiliza mikutano hii ni wachache. Kwa mikutano mitatu tuliyoifanya mwezi ule, akina baba walitosha benchi moja.

YULE MZEE

Siku ya tatu ya kampeni mzee wa kahawa alikuja hospitalini mwenyewe, amevaa koti, pamoja na mabinti wake wanne. Aliomba awepo wakati wanachomwa. Tukamwambia karibu, baba, kaa hapa. Yule wa miaka kumi alichomwa, akalia kidogo. Wa miaka kumi na mitatu hakulia. Mdogo alikuwa na miaka saba, tukamwambia amrudishe akitimiza tisa. Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni akingoja zamu yake. Tukamwuliza umri. Kumi na sita.

Mzee alinyamaza. Halafu akasema kwamba mwaka 2022 mwalimu alimwita shuleni kwa ajili ya huyu, naye akakataa, akamficha siku mbili shambani. "Sista, kwake haiwezekani kabisa?"

Tulimweleza kama tunavyowaeleza ninyi. Chanjo ya bure ni ya walio na miaka 9 hadi 14, na hatuna ruhusa ya kuchoma nje ya umri huo. Binti aliyepita hapo hajahukumiwa. Wengi hawatapata saratani. Asipuuze damu isiyo ya kawaida hata mara moja. Na akifika miaka 30, au mapema zaidi kama anaishi na VVU, aende akapakwe siki kwenye mlango wa kizazi. Penye hitilafu hugeuka peupe, huchomwa kwa baridi au kwa joto siku hiyo hiyo, na hurudi nyumbani kwa miguu yake. Haichukui robo saa. Kipimo hicho ni kwa akina mama wote wa miaka 30 hadi 50, kwa hiyo tulimwuliza na mama yao yuko wapi.

Yuko nyumbani, akasema. Ana miaka arobaini na mbili. Hajawahi kupimwa.

Alimleta Jumanne iliyofuata.